Mume wa Boke

Hebu niambie wewe unayesoma: ni mwizi gani umewahi kumwona akifagia mahali alipoiba?

Koplo Kokushubira hakuwahi kumwona, na kazi ya upelelezi hakuianza jana. Asubuhi hiyo alikuwa amechuchumaa katikati ya makumbusho ya Chama cha Historia cha Gorong'a, sketi ya sare ameikunja vizuri magotini isiguse chini. Nyumba yenyewe zamani ilikuwa ghala la mahindi. Wanachama, wengi wao walimu wastaafu, waliipaka chokaa, wakaweka mlango wa chuma, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba vitu vya kale. Ngao za ngozi zilitundikwa ukutani. Chini yake palikuwa na ritungu, ala ya muziki ya nyuzi nane, viatu vya mbao vya kuchezea ngoma, virefu kama tofali, vibuyu vya maziwa vilivyofungwa shanga, mawe ya kusagia, bangili nzito za shaba, na pasi ya mkaa ambayo katekista wa kijiji alishikilia kwamba nayo ni historia.

Vyote vilikuwa na vumbi, lile vumbi jekundu linalopenya chini ya mlango hata ukiweka gunia. Pale tu kilipokuwa kigoda cha miguu mitatu, kilichoibiwa, sakafu ilikuwa safi. Imefagiwa. Mistari ya ufagio ilikuwa mifupi, imepinda, kama ya mtu anayefagia akiwa ameinama sana. Na ndani ya ufa wa saruji kulikuwa na punje za ulezi.

"Makumbusho hufagiwa na nani, Mwalimu?" aliuliza bila kuinuka.

"Nashoni, mlinzi," akajibu Mwalimu Nelson, mwenyekiti wa chama. Alikuwa mzee nadhifu, kalamu mbili mfukoni, miwani imefungwa kamba shingoni. "Anatumia ule ufagio mrefu wa plastiki pale mlangoni."

Kokushubira akautazama. Ufagio mrefu wa plastiki hauachi mistari mifupi.

"Na ulezi?"

"Panya, afande. Panya wanabeba vitu. Afande, wageni kutoka mkoani wanakuja Jumamosi kufungua rasmi. Picha ya kile kigoda nimeshaituma kwenye kundi la WhatsApp la chama, na wao wameituma mbele. Sasa tunakaa tunazungumza habari za panya?"

Kokushubira alisimama, akazitazama bangili za shaba. Vitu kama hivyo pale Sirari, mpakani na Kenya, havimalizi hata siku, vinapata mnunuzi. Mwizi alizipita. Ritungu alilipita. Kufuli halikuvunjwa. Alibeba kigoda peke yake, tena kigoda kizito, kizee, chenye ufa kwenye mguu mmoja.

Halafu akaiona kadi. Kila kitu mle kilikuwa na kadi yake ya maelezo, imetundikwa kwenye msumari. Kadi ya kigoda ilikuwa imegeuzwa, maandishi yanatazama ukuta.

"Nani ameigeuza hii?"

"Mwizi. Nani mwingine?"

Kokushubira akaigeuza kwa ncha ya kalamu, akasoma kwa sauti. "Kigoda cha Mzee Nchagwa, kiongozi mashuhuri wa kaya. Kwa mila zetu, hakijawahi kukaliwa na mwanamke."

"Nimeiandika mwenyewe," alisema Mwalimu Nelson, na sauti yake ikapanda kidogo.

"Mwizi wako alikuwa na muda wa kusoma, Mwalimu. Akasoma, akakasirika, akageuza. Huyu hakugombana na makumbusho. Amegombana na kadi."

"Afande, ufunguo anao Nashoni, na Nashoni mmeshamkamata. Mwulizeni yeye. Kadi haisemi."

"Hii imesema," akajibu Kokushubira, akaitia kwenye bahasha.

*

Kituoni, Inspekta Venant alikuwa anakunywa chai ya rangi na kiazi kitamu, jalada limefunguliwa mbele yake. Mzaliwa wa Sumbawanga, mtu wa haraka, asiyependa jambo lilale.

"Kesho asubuhi gari linakwenda Tarime," alisema. "Nashoni atapanda. Ufunguo alikuwa nao, mlango haukuvunjwa, kitu hakipo. Hakimu atataka nini tena?"

"Atataka kigoda, afande."

"Basi kilete. Ukikileta kabla ya gari kuondoka, tutazungumza. Usipokileta, mzee anakwenda rumande."

Nashoni alikuwa amekaa chini kwenye saruji ya mahabusu, mgongo ukutani, koti lake la ulinzi limefungwa vifungo vyote kana kwamba yuko lindoni. Masikio yake yalikuwa yametobolewa kwa mtindo wa wazee wa zamani, yananing'inia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti wa Bukoba. Umerudi na lile swali lako?"

"Nimerudi nalo. Kigoda kiko wapi?"

"Nilishajibu jana, nikajibu usiku, najibu na leo. Kimerudi kwa mume wa Boke."

"Mume wa Boke ni nani?"

"Ni mume wa Boke."

"Ana jina?"

"Analo. Nikilitaja hapa mtaliandika uongo. Wenzenu walishaliandika uongo, tena kwa wino mzuri."

"Mzee Nashoni, kesho wanakupeleka Tarime. Unanielewa? Rumande."

"Ningeogopa rumande ningekuwa mlinzi?" Alimtazama moja kwa moja. "Umeandika nilivyosema?"

"Nimeandika."

"Soma."

"Kimerudi kwa mume wa Boke."

"Haya. Ni kweli tupu. Kama Kiswahili kimewashinda, semeni, niwaambie kwa Kikurya. Nipelekeni Tarime, nipelekeni hata Musoma, nitasema hilo hilo."

Kokushubira alipotoka nje alimkuta Mwalimu Nelson kwenye benchi la wageni, anafuta miwani.

"Amesema?"

"Anasema kimerudi kwa mume wa Boke. Boke ni nani?"

Mwalimu alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Boke? Mama mmoja wa kule mlimani. Alikuwa mtumishi kwenye kaya ya Mzee Nchagwa. Anapika, anachota maji. Hana mume yule."

"Hana kabisa?"

"Mume hana. Ila, sipendi maneno ya watu, kuna mwanaume alikuwa anaingia pale siku za nyuma. Nyangwine. Siku hizi yuko Sirari, anauza vitu vya kale kwa wanaovuka kwenda Isebania. Sasa wewe jumlisha mwenyewe."

Inspekta Venant, aliyekuwa akisikiliza mlangoni na kiazi chake mkononi, alijumlisha papo hapo. "Mlinzi anafungua, hawara anauza! Koplo, chukua pikipiki."

*

Sirari malori yalikuwa yamepanga mstari hadi kwenye vibanda vya mama ntilie, madereva wamelala chini ya matrela wakisubiri karatasi. Vijana wa kubadili fedha walimkimbilia, wakaona sare, wakakumbuka shughuli nyingine. Duka la Nyangwine lilikuwa nyuma ya ofisi ya mawakala wa forodha, limejaa ngao, mikuki mifupi na vigoda. Nyangwine mwenyewe, mzee mrefu mwenye kofia ya ukingo mpana, alikuwa amekishika kigoda kimoja juu ya moshi wa samadi, anakigeuzageuza kama anachoma muhogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, madam. Karibu kiti. Chai ama soda?"

"Hicho unafanya nini?"

"Nakizeesha." Hakuwa na haya hata kidogo. "Kimechongwa wiki iliyopita. Nikikipa moshi na mafuta ya ng'ombe, kesho ni cha babu yangu. Hakuna sheria nimevunja. Babu si nilikuwa naye?"

Kokushubira alivipitia vigoda vyote, akiinua kimoja kimoja. Kila kimoja kilinuka moshi mpya, na miguu ilikuwa mizima. Kile cha makumbusho kina ufa kwenye mguu. Hakikuwepo.

"Natafuta kigoda cha Gorong'a," alisema. "Na wanasema wewe ndiye mume wa Boke."

Nyangwine alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akaiokota, akaikung'uta, akacheka tena.

"Hiyo maneno nani amekupa? Wacha, usiniambie. Ni Nelson."

"Unakataa?"

"Madam, kwa Boke nilikuwa nikienda, hilo sikatai, na mke wangu anajua. Lakini mume? Nikisema mimi ni mume wa Boke, wazee watanitoa hapa kwa fimbo, na nitakuwa nimestahili. Nilikuwa naingia jioni, natoka alfajiri, na hata kuku wa pale sikuwa na sauti juu yake. Watoto wa Boke si wangu."

"Hukuzaa naye?"

"Ukiwaona utaona pua hii." Akajigusa puani. "Pua ni yangu. Watoto ni wa Nchagwa."

Kokushubira aliacha kuandika. "Nchagwa? Mzee Nchagwa ndiye mume wa Boke? Mwalimu ameniambia Boke alikuwa mtumishi wake."

Kicheko kikafutika usoni mwa Nyangwine. "Mtumishi? Nelson amesema mtumishi?"

"Amesema hivyo."

"Nelson alikula pilau ya harusi ile! Alikuwa kijana mdogo, amevaa kaptula, amesimama mstari wa mbele." Alitema mate pembeni. "Mtumishi!"

"Subiri kwanza. Nchagwa alijua habari zako na mkewe?"

"Alijua? Nchagwa ndiye aliyenichagua! Alinisimamisha uani, akanikagua meno kama ng'ombe wa mnadani, akauliza kama ukoo wetu una kifafa."

"Mume anamchagulia mke wake mwanaume?"

"Ndiyo."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Nchagwa alikuwa anaweza kunibeba mimi na kofia yangu."

"Sasa alikosa nini?"

Nyangwine alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyekaa karibu na moshi na hajui upepo unakotoka. "Madam, umekaa Tarime muda gani?"

"Tangu Pasaka."

"Ndiyo maana. Swali lako si baya, neno ndilo baya. Wewe unatafuta mwanaume wa Boke. Boke hana mwanaume. Ana mume. Nenda ukamwone."

"Si amekufa?"

"Amekufa. Lakini yuko kwake, hajahama."

*

Njia ya kwenda kwa Boke inapanda katikati ya mashamba ya mahindi na migomba, na pikipiki ililia mpaka Kokushubira akaona aibu kwa watu waliokuwa wanalima. Njiani aliyapanga mambo kichwani. Mwalimu alimdanganya kuhusu Boke. Mtu aliyeishi hapa tangu kuzaliwa, aliyekula pilau ya harusi, hakosei mke akasema mtumishi. Uongo huo alikuwa ameuandaa kabla ya swali. Na kadi ile aliiandika yeye.

Uwanja wa Boke ulikuwa umefagiwa vizuri, mistari mifupi, imepinda. Hilo ndilo la kwanza aliloliona. La pili ni ufagio wa majani uliosimamishwa mlangoni. La tatu ni mwanamke mwenyewe, aliyeketi kwenye mkeka akipepeta ulezi kwenye ungo, mgongo umepinda hata alipoinuka kumpokea hakunyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na sare, basi si kwa uji." Macho yake yalikuwa makali. "Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kumwona mume wako."

Boke aliweka ungo chini. Akamtazama tena, safari hii taratibu.

"Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuniuliza hivyo," alisema. "Njoo."

Walizunguka nyumba mpaka karibu na zizi. Kaburi lilisakafiwa kwa saruji, limezungushiwa mawe meupe, halina jani hata moja juu yake. Maandishi yalichorwa kwa kijiti saruji ikiwa mbichi, herufi kubwa zilizokwenda upande. NCHAGWA BINTI MARWA.

Kokushubira alilisoma neno la katikati mara mbili.

"Huyu ni mwanamke."

"Ulitaka awe nini?"

Ng'ombe alikohoa zizini. Kokushubira alijikuta amevua kofia.

"Mkurya yeyote angekueleza," Boke alisema. "Tunaita nyumba ntobhu. Nchagwa hakupata mtoto. Mwanaume wake wa kwanza alimwacha na nyumba na ng'ombe, na nyumba haina wa kuirithi. Angefanya nini, afe na jina lake life? Akatoa mahari kama mume yeyote, akanioa mimi, nimzalie watoto wa jina lake. Nilikuja hapa mkono umefungwa vijiti. Nilikokuwa nimeolewa kwanza, ndiko mkono ulikovunjikia. Hapa sikupigwa hata kofi. Jioni anakaa kwenye kigoda chake, kigoda cha mwenye nyumba, wanaume wanakuja kumwomba ushauri wa mpaka wa shamba nao wanakaa chini. Chini, mwanangu, kwenye majani."

"Na kigoda kiko wapi sasa?"

"Ndani, kwenye nafasi yake karibu na moto. Unadhani ningekificha? Mtu anaficha chake?"

Kokushubira aliingia, akakiona, akainama akapitisha kidole kwenye ufa wa mguu. Kilikuwa kimepakwa samli.

"Makumbusho walikipataje?"

"Nelson alikuja kuniomba. Nikamwambia nakuazima, sikupi. Watu wakione, wajue. Nikamwambia habari yote, ingawa aliijua, akawa anaitikia ee, ee. Siku moja nikaenda kukitembelea. Mimi nilisoma mpaka la saba, nasoma polepole lakini nafika. Nikafika mwisho wa ile kadi. Nikamwambia Nelson, ondoa uongo huu. Akasema Boke, wageni watatucheka, na wengine ni watu wa kanisa. Nikarudi tena. Akasema nitarekebisha. Mara ya tatu hakutoka hata nje kunisalimia. Basi nikamwambia Nashoni fungua, nakwenda na mwenye nyumba wangu. Akafungua. Nikapafagia alipokuwa amekaa, nikatupa ulezi, maana mwenye nyumba haondolewi mahali kama kuku. Na ile kadi nikaielekeza ukutani ijionee aibu."

"Ulitaka nini hasa, mama? Kadi ibadilishwe?"

"Nilichotaka nikikuambia wewe, kitakwenda kulala kwenye jalada. Nitamwambia aliyeninyima."

"Nashoni yuko mahabusu tangu juzi jioni," Kokushubira alisema. "Kesho anapelekwa Tarime."

Boke alishika mlango. "Nashoni? Kwa ajili ya kigoda changu? Na hakunitaja?"

"Kasema kimerudi kwa mume wa Boke. Hakuongeza neno."

"Mjinga yule!" Boke alicheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko. "Mjinga kabisa. Kasema kweli, na hamkumwelewa!"

Alikuwa ameshajifunga kanga ya pili. Alipanda pikipiki upande upande, kigoda amekipakata kifuani kama mtoto, na kila bonde walilolivuka alikuwa anamwambia Kokushubira endesha, binti, unaogopa nini.

*

Inspekta Venant, aliyepigiwa simu na Kokushubira, alifika makumbusho na gari la kituo, akiwa na Nashoni mwenye pingu. Mwalimu Nelson alikuwepo tayari, amekuja kupima kapeti la wageni. Alipokiona kigoda katikati ya chumba, na Boke amesimama nyuma yake, futi kamba ilimtoka mkononi.

"Kimepatikana!" alisema. "Mungu mkubwa. Asante, afande. Kirudisheni mahali pake."

"Koplo, kazi nzuri," Inspekta akasema. Alikuwa amechoka na njia. Akashusha pumzi, akajishusha na mwili kukaa juu ya kigoda.

"Usikalie!" Boke, Nashoni na Mwalimu Nelson walipiga kelele kwa pamoja.

Inspekta aliruka kama ameungua. Kokushubira alimgeukia Mwalimu.

"Kumbe hata wewe unakiheshimu, Mwalimu. Vizuri. Kigoda hiki mlikipata kwa nani?"

"Kwa jamii."

"Jamii haina mikono. Nani alikukabidhi?"

"Ni... kilitoka kaya ya Mzee Nchagwa."

"Nani alikukabidhi?"

Mwalimu akavua miwani. "Boke."

"Mtumishi?"

Nashoni alicheka kwa pua.

"Alikupa, au alikuazima?" Kokushubira aliendelea. "Fikiri kabla ya kujibu. Mbele ya hakimu nitakuuliza hivyo hivyo."

"Alituazima. Kwa maonyesho."

"Kwa hiyo aliyekichukua amechukua cha nani?"

"Chake," alisema Mwalimu Nelson, kwa sauti ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Inspekta Venant aliwatazama mmoja mmoja. "Ngoja. Huyu mama amechukua kitu chake, mlinzi amefungulia mwenye mali, na sisi tumelaza mzee wa watu kwenye saruji? Na mume wa Boke yuko wapi? Yule tuliyemtafuta mpaka Sirari?"

"Amezikwa nyuma ya nyumba, afande. Anaitwa Nchagwa binti Marwa. Ni yule aliye kwenye kadi ya Mwalimu."

"Binti?" alisema Inspekta. Akatazama kigoda, akatazama kadi ambayo Kokushubira alikuwa ameitoa kwenye bahasha. Akasoma mdomo ukicheza. *Hakijawahi kukaliwa na mwanamke.* Akatafuta ufunguo wa pingu mfukoni, na alipozifungua alisema, "Mzee wangu, samahani. Mbona hukunieleza?"

"Niliwaeleza, afande," alisema Nashoni, akisugua vifundo vya mikono. "Mara tatu. Mkaandika na kusoma."

Mwalimu Nelson alipiga hatua mbele. "Sikilizeni. Sikuwa na nia mbaya. Mnajua wageni walivyo. Tutawaambia nini, kwamba mzee mashuhuri wa ukoo alikuwa mwanamke aliyeoa mwanamke? Watapiga picha, watacheka, watasema Wakurya hivi, Wakurya vile. Nilikuwa nawalinda. Nililinda hata heshima ya Nchagwa."

"Nchagwa hakukuomba ulinzi," Boke alisema. "Alikuwa anawalinda ninyi. Shamba la baba yako nani aliliamua?"

Mwalimu alitazama sakafu. Nje, watu walikuwa wameanza kukusanyika. Gari la polisi haliwezi kusimama Gorong'a bila watu kusimama nalo.

"Haya, mama, tutafute neno la katikati," akasema. "Tutaifuta ile sentensi ya mwisho. Tutaandika, Kigoda cha Kaya ya Nchagwa. Hatusemi mzee, hatusemi mwanamke. Wewe unakiacha hapa, Jumamosi tunafungua, kila mtu anabaki na amani yake."

"Hapana."

"Boke, nakuomba."

"Nimekuja kwako mara tatu, nikaomba. Leo siombi. Kigoda nimekileta mwenyewe, kwa miguu yangu na pikipiki ya serikali, na nikitaka nitarudi nacho, na huyu binti wa Bukoba hatanizuia. Si ndiyo?"

"Sitakuzuia, mama," Kokushubira alisema.

"Funga basi mlango kwanza," alinong'ona Mwalimu. "Watu wanasikia."

"Nashoni, uache wazi," Boke alisema, na Nashoni akausukuma mlango wa chuma mpaka ukagonga ukuta.

"Sema unachotaka," alisema Mwalimu Nelson, mikono imelegea. "Kadi? Nitaandika kwamba kilikaliwa na mwanamke. Nitaandika kwa herufi kubwa. Nini tena? Unataka nini, Boke?"

Boke aliweka mkono juu ya kigoda. Mgongo wake ulikuwa umepinda vilevile, lakini kichwa alikiinua mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Siku tulipomzika, ulisoma majina ya wafiwa, Nelson. Ulisoma ndugu, ukasoma majirani, ukasoma hata wachimba kaburi. Mimi nilikuwa nimekaa pale mbele nimejifunga kanga nyeusi, na hukunisoma. Nilitaka uniite mke wa Nchagwa. Niite sasa, kwa sauti, hao walio nje wasikie."